MSINGI WA MAJI YA MVUA NI WA NANI?

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji wa Zanzibar

Kila unapokaribia msimu wa masika, ofisi za masheha wa Mji wa Zanzibar hupokea lalamiko ambalo kwa miaka mingi halijabadilika sana: msingi unaopita nyuma ya nyumba umeziba, maji yamekosa njia, jirani wa juu anasema si wake na jirani wa chini anasema vile vile. Sheha husikiliza, huandika jina la mlalamikaji, kisha hulazimika kueleza kwamba hana vibarua wala gari. Mwananchi hutoka hapo akaenda kwa diwani. Diwani humwelekeza barazani. Huko huambiwa kwamba sehemu ya msingi huo inapita kando ya barabara kuu, au iko upande wa pili wa mpaka wa manispaa, au imejengewa ukuta na mtu mwenye karatasi ya ofisi nyengine. Ikifika hapo, mvua imeshanyesha.

Maelezo haya yanakusudia kuonesha kwa nini jambo linaloonekana dogo namna hiyo limekuwa gumu, nani ana dhamana ya nini, na mwananchi aanzie wapi. Yanawahusu pia watumishi wa Serikali, kwani mara nyingi kinachokwama ni barua iliyokaa juu ya meza ya ofisi moja ikisubiri ofisi ya pili iamue.

ARDHI YA MJI NA MAJINA YAKE

Anayetaka kujua maji ya Mji wa Zanzibar yalikuwa yakikaa wapi kabla ya kujengwa nyumba hahitaji ramani. Majina ya mitaa yanatosha. Darajani palikuwa na daraja. Kisiwandui lina kisiwa ndani ya jina lake. Ziwani, Bwawani, Mtoni na Mtopepo hayahitaji kufasiriwa, na waliopaita Kilimani walikuwa wakipatofautisha na mabonde ya jirani.

Mji Mkongwe wenyewe ulikaribia kuwa kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kwa upande wa Funguni ukapita nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja, na wakati wa bamvua maji ya chumvi yalijaa baina ya Mji Mkongwe na upande wa pili. Upande huo wa pili ndio ulioitwa Ng'ambo, na jina limebaki ingawa siku hizi mtu huvuka kwa hatua chache, akiangalia magari badala ya kuangalia maji. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini. Viwanja vya Mnazi Mmoja na barabara kuu inayopita Darajani vimekaa juu ya ardhi ya kufukiwa.

Kufukia hakukuyaondoa maji. Mvua iliyonyesha Ng'ambo ilikuwa ikishuka katika mkono huo na kutolewa na bahari yenyewe kwa kujaa na kupwa. Ulipofukiwa, maji yalihitaji njia ya kutengenezwa kwa mikono ya watu, na njia ya kutengenezwa inahitaji mwenyewe wa kuitunza. H. V. Lanchester, aliyetayarisha mpango wa mji uliochapishwa mwaka 1923, alilishughulikia suala la mkono huo wa bahari. Baadaye ilikuja mipango mingine, ukiwemo wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wa mwaka 1968, ambao majumba ya Michenzani ni alama yake kubwa, na wa wataalamu wa Kichina wa mwaka 1982. Kila mpango ulitangulia mbele ya mji kwa kitambo kidogo, kisha mji ukaupita.

MJI ULIOTOKA NJE YA MPAKA WAKE

Takwimu za sensa mbili za karibuni zinaeleza jambo ambalo kila mkaazi analijua kwa macho lakini ofisi nyingi bado hazijalizoea. Mwaka 2012 Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 223,033. Mwaka 2022 ilihesabiwa kuwa na watu 219,007. Yaani katika muda wa miaka kumi wilaya inayoitwa Mjini ilipungukiwa na watu wapatao 4,000. Katika muda huo huo eneo la Magharibi, ambalo mwaka 2012 lilikuwa wilaya moja yenye watu 370,645, na ambalo baadaye liligawanywa kuwa Magharibi "A" na Magharibi "B", lilifikia watu 674,162 kwa wilaya zote mbili. Ongezeko hilo linapindukia watu 300,000. Mkoa mzima wa Mjini Magharibi ulifikia watu 893,169, katika visiwa vyenye jumla ya watu 1,889,773. Karibu nusu ya Wazanzibari wote.

Kwa hivyo mji halisi, kwa maana ya mahali watu wanapolala, wanapopika na wanapomwaga maji yao, uko zaidi Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe, Kiembesamaki, Bububu na Chuini kuliko Mchangani na Kikwajuni. Biashara kubwa, masoko makongwe na ofisi nyingi zimebaki ndani. Jambo hili lina athari katika mapato ya mabaraza, kwa vile leseni za biashara na ada za masoko hulipwa penye maduka, na taka za nyumbani huzaliwa penye nyumba. Anayelipa hapa analala kule.

Namna mji ulivyotoka nje ni muhimu kuliko idadi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya mashamba iligawiwa kwa wananchi kwa eka tatu tatu, ili kila familia ilime. Eka nyingi zilizo karibu na mji zimekuja kukatwa vipande vya viwanja. Mwenye eka amemkatia mwanawe, mwana amemuuzia rafiki, rafiki amegawa mara mbili. Mara nyingi kipimo kilikuwa hatua za miguu, na shahidi wa mauziano alikuwa mnazi wa mpakani ambao baadaye ulikatwa. Katika mgawanyo huo kila mkataji aliacha njia ya mtu kupita, na pengine ya gari. Ya maji hakuna aliyeiacha.

Si haki hata hivyo kumlaumu mnunuzi peke yake. Familia yenye watoto sita iliyobanana katika chumba kimoja cha kukodi haikuweza kusubiri viwanja vilivyopimwa, ambavyo siku zote vilikuwa vichache kuliko waombaji. Ilijenga pale ilipopata, na ilijenga kwa jasho lake.

HESABU YA PAA MOJA

Shamba la minazi na mihogo hunywa mvua. Udongo hufyonza, mizizi hushika, na kinachobaki huteremka polepole. Pakijengwa nyumba ya bati na ua wa saruji, maji hayo hayo hayana pa kuingia. Paa lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, likinyeshewa mvua ya milimita 50, humwaga lita 6,000, nazo ni sawa na mapipa 30 ya lita 200. Hiyo ni nyumba moja kwa mvua moja ya masika, na mvua ya kiasi hicho si ya ajabu katika kisiwa kinachopata takriban milimita 1,600 kwa mwaka, sehemu kubwa zaidi ikinyesha baina ya Machi na Mei. Mtaa wenye nyumba mia moja za namna hiyo humwaga mapipa 3,000, na yote hutafuta bonde.

Mabonde yanajulikana. Mwanakwerekwe na Sebleni ni miongoni mwa sehemu ambazo maji hukusanyika na kufanya maziwa, na katika masika makali barabara ya Mwanakwerekwe imewahi kugeuka kuwa njia ya maji huku abiria wakivua viatu. Wakaazi wengi wanazikumbuka mvua za mwaka 2005 na za mwaka 2017, zilizowatoa watu majumbani mwao wakabeba magodoro vichwani. Waliohamia katika mabonde hayo wakati wa kiangazi waliona ardhi kavu, tambarare na rahisi kuchimba msingi wa nyumba. Wazee wa karibu walijua kwamba pale ni ziwa. Hawakuulizwa.

DHAMANA ZIMEGAWANYWA VIPI

Baada ya kurejeshwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, Sheria Nam. 3 ya 1995 iliweka Baraza la Manispaa la Zanzibar, na Sheria Nam. 4 ya mwaka huo huo ikahusu Halmashauri za Wilaya na Mabaraza ya Miji. Mwaka 2014 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Nam. 7 ya Serikali za Mitaa, iliyochukua nafasi ya hizo mbili, pamoja na Sheria Nam. 8 inayohusu Tawala za Mikoa. Wilaya ya Magharibi ilipogawanywa, kila upande ulipata baraza lake la manispaa. Hivyo ndivyo eneo ambalo kwa mvua ni bonde moja lilivyokuja kuwa na mabaraza matatu ya manispaa.

Sheria hizo mbili za 2014 zinaeleza sababu ya mwananchi kuzungushwa. Sheha ni mtumishi wa upande wa tawala za mikoa: huteuliwa na Mkuu wa Mkoa na huwajibika kwa Mkuu wa Wilaya. Diwani huchaguliwa na wapiga kura wa wadi yake na hukaa katika baraza, ambalo lina Mkurugenzi na watendaji wake. Sheha anamjua kila mtu mtaani lakini hana fungu la fedha za usafi. Baraza lina fungu, vibarua na magari, lakini mara nyingi halijui kwamba nyuma ya nyumba fulani kuna ukuta uliofunga maji tangu mwaka juzi. Mambo huenda vizuri pale sheha na diwani wanapozungumza. Wasipozungumza, kila mmoja huwa amefanya kazi yake kwa mujibu wa sheria na maji yamebaki pale pale.

Zipo na ofisi nyengine. Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Maji Nam. 4 ya 2006, inahusika na maji safi. Misingi ya kandoni mwa barabara kuu huwahusu wenye dhamana ya barabara. Ardhi, upimaji na matumizi ya viwanja vina idara zake. Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kazi yoyote inayogusa jengo au njia hupitia pia katika Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu mwaka 1985. Mazingira nayo yana mamlaka yake.

Mfano ufuatao hauhusu mtaa maalumu, lakini wakaazi wa mitaa mingi watauona ni wao. Maji yanaanzia katika viwanja vipya vya Magharibi "B", yanakusanyika kando ya barabara kuu, yanapita chini ya barabara kwa kalvati, yanaingia katika msingi wa zege uliojengwa na mradi, yanavuka mpaka wa Wilaya ya Mjini, na yanateremka baharini. Safari nzima inaweza kuwa ya dakika arubaini kwa miguu. Katika dakika hizo arubaini maji yamepita katika mikono ya mabaraza mawili, wenye barabara, na wenye nyumba wasiopungua ishirini ambao baadhi yao wameufunika msingi kwa mbao na kuweka juu yake genge la kuuzia mboga. Baraza la chini likisafisha sehemu yake Ijumaa na la juu likasafisha Jumatatu inayofuata, takataka za juu hujaza usafi wa chini, na vibarua wa Ijumaa huonekana hawakufanya kazi.

MSINGI SI JAA

Sehemu kubwa ya kinachotolewa katika misingi wakati wa kusafishwa haikuletwa na mvua. Ni chupa za plastiki, vifuu, nguo kuukuu, nepi, mabaki ya ujenzi na mchanga. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, ikitangulia nchi nyingi za jirani; hata hivyo plastiki za aina nyengine hazikupungua kwa marufuku hiyo, na mfuko wenyewe umekuwa ukirudi kwa njia za panya.

Inafaa ieleweke kwa nini mtu mwenye nyumba safi hutupa taka msinginli mwake usiku. Katika mitaa iliyojengwa bila ya njia za magari, gari la taka haliwezi kuingia. Kontena huwekwa barabarani, pengine mbali na nyumba za ndani, na anayetumwa kupeleka taka ni mtoto. Kontena likichelewa kuondolewa, hujaa, na kilichozidi huwekwa chini, hutawanywa na paka na kunguru, kisha mvua huingiza msingini. Vikundi vya vijana wanaozoa taka kwa gari la mkono, nyumba kwa nyumba, kwa malipo madogo, vimesaidia pale vilipopata kibali na mahali pa kumwaga. Pasipokuwa na mahali pa kumwaga, taka huwa zimehamishwa mtaa tu.

Mahali pa mwisho pa kumwaga ni Kibele, Wilaya ya Kati, katika Mkoa wa Kusini. Ni vyema wakaazi wa mjini wakajua kwamba taka zao zinazikwa katika mkoa mwengine, jirani na vijiji vya watu wengine, na kwamba kila tani inalipiwa mafuta ya gari kwenda na kurudi. Gari likiharibika, athari huonekana Darajani katika muda wa siku mbili.

MFEREJI NA MSINGI

Mgeni kutoka Tanzania Bara akisema mfereji hukusudia njia ya maji machafu. Mzanzibari akisikia mfereji hufikiri maji ya kunywa. Khitilafu hii ya maneno huchekesha barazani, lakini katika baadhi ya mitaa imekaribia kuwa khitilafu ya kweli, kwa sababu mabomba ya maji ya kunywa yamelazwa ndani ya misingi au kando yake, mengine yakiwa yameunganishwa na wenye nyumba wenyewe kwa mpira na kitambaa. Maji yanapokuwa na nguvu bombani, penye tundu huvuja nje. Yanapokatwa, bomba hubaki tupu, na penye tundu lile lile kilichoko nje huvutwa ndani. Mtu hufungua mfereji asubuhi akaona maji ya kwanza yamechafuka. Huyaacha yakapita kidogo, kisha hujaza ndoo.

Hapo ndipo suala la msingi linapoacha kuwa la viatu kurowa. Nje ya Mji Mkongwe, ambao una mabomba ya zamani ya maji machafu yanayotoka baharini, nyumba nyingi hutumia makaro na mashimo ya vyoo. Ardhi ya Unguja ni mawe ya matumbawe yenye matundu mengi, na maji ya kunywa yanatoka katika ardhi hiyo hiyo, kwa visima na chemchem. Masika yakipandisha maji ya chini, karo hujaa kutoka chini. Maji yaliyotuama juu hukutana na yaliyopanda, na kisima kifupi cha jirani hupata vyote viwili.

Kipindupindu kiliingia Zanzibar mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi tangu hapo, aghalabu katika miezi ya mvua. Mwanzoni mwa 2009 ilipoendeshwa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, shehia zilizochaguliwa kwa Unguja zilikuwa Chumbuni na Mtopepo, sehemu ambazo maji na makaazi yamesongamana. Mripuko ulioanza Septemba 2015 na kuendelea mwaka 2016 ulipata wagonjwa zaidi ya 4,000. Mwezi wa Aprili 2016 skuli zilifungwa, na uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani ukazuiwa. Mama lishe aliyekuwa akisomesha watoto kwa sufuria moja ya uji alipoteza pato la siku kwa sababu ya msingi ambao pengine hata haukupita mtaani kwake. Serikali baadaye ilitayarisha mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza kipindupindu, wa mwaka 2018 hadi 2027, na mpango huo hauishii hospitalini: unagusa maji, vyoo na usafi wa mazingira, mambo ambayo kwa sehemu kubwa yanafika kwa mwananchi kupitia mabaraza.

KAZI ILIYOFANYWA NA ILIYOBAKI

Haitakuwa sahihi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Mradi wa Huduma za Mijini Zanzibar, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake ZUSP, uliidhinishiwa mkopo wa dola milioni 38 za Marekani na Benki ya Dunia mwaka 2011, na baadaye ukaongezewa fedha. Kwa mradi huo ilijengwa misingi mikubwa ya maji ya mvua, ukatengenezwa ukuta wa bahari wa Mizingani na kuwekwa taa za barabarani. Wakaazi wa baadhi ya mitaa iliyokuwa ikizama wamepata masika ya kulala usingizi, na hilo si jambo dogo.

Msingi mkubwa hata hivyo una tabia moja ambayo mradi hauwezi kuitibu. Ukifunikwa kwa zege hauonekani, na usioonekana husahauliwa katika bajeti. Mchanga hujikusanya chini yake kidogo kidogo. Vifuniko huondolewa na watu ili kumwaga maji ya jikoni, kisha havirudishwi. Fedha za kujenga huja mara moja, kwa mkataba na sherehe ya uzinduzi. Fedha za kuzoa mchanga hutakiwa kila mwaka, hazina sherehe, na ndizo za mwanzo kupunguzwa mapato yanapopungua. Mkopo wa kujengea utalipwa, mchanga uwemo usiwemo.

Vile vile misingi mikubwa haiwafikii walio mbali nayo. Maji ya uchochoroni yanahitaji kijisingi cha upana wa jembe kitakachoyafikisha kwenye msingi mkubwa, na hicho hakimo katika ramani ya mradi wowote. Ni kazi ya majirani kukubaliana, ya sheha kuwakutanisha, na ya baraza kutoa saruji na fundi. Mitaa iliyoona nafuu ya kweli ni ile iliyopata vyote vitatu.

MWANANCHI AANZIE WAPI

Lalamiko la msingi lianze kwa sheha, na liwe la maandishi. Barua ieleze jina la shehia na mtaa, pahala msingi unapoanzia na unapoishia, kilichouziba, na tangu lini. Yatosha kuandikwa kwa mkono katika karatasi ya daftari. Sheha aipige muhuri na kuipeleka kwa Mkurugenzi wa baraza linalohusika, nakala apewe diwani wa wadi na nyengine abaki nayo mlalamikaji. Nakala yenye muhuri na tarehe ina uzito ambao maneno ya barazani hayana, hasa pale suala linapovuka mpaka wa manispaa na kila upande ukadai haukuarifiwa.

Pakiwa na ujenzi unaofunga njia ya maji, mwananchi ana haki ya kuuliza kama upo kibali cha ujenzi, na ofisi ina wajibu wa kumjibu. Wakati mzuri wa kuuliza ni pale matofali yanapopangwa. Ukuta ukishafika kwenye bati huwa na wakili.

Kumwaga karo msingini wakati mvua inanyesha, kwa kutegemea kwamba maji yatachukua kila kitu, ni kosa na ni hatari kwa aliye chini. Ni kweli kwamba gari la kunyonya lina gharama na kwamba halifiki katika vichochoro vingi. Nyumba tatu au nne zinazokodi gari pamoja, na kutumia mpira mrefu, hugawana gharama. Masheha wanaweza kuwaunganisha wakaazi kwa jambo hili bila ya kusubiri maelekezo kutoka juu.

Kwa watumishi wa mabaraza na wa ofisi za wilaya, jambo moja lingepunguza barua nyingi. Nalo ni kuufuata msingi kwa miguu, kutoka juu hadi baharini, wahusika wote wakiwa pamoja siku moja: watendaji wa mabaraza yanayopakana, wa barabara, wa maji, masheha wa shehia zinazopitiwa. Penye mpaka wa manispaa wasimame na waandikiane nani atasafisha nini, tarehe gani, wa juu akitangulia. Barua ya mwananchi ikipokelewa na ofisi isiyohusika isirudishwe kwake. Ipelekwe moja kwa moja kwa ofisi inayohusika, naye aarifiwe kwamba imepelekwa. Mwananchi hakuchora mipaka ya wilaya.

Kazi hiyo ina wakati wake. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua ni kali, misingi huwa mikavu, zege iliyopasuka huonekana, mchanga huzoleka kwa koleo, na bomba lililolazwa mahali pasipostahili hugundulika. Baada ya katikati ya Machi vibarua hufanya kazi wakiwa ndani ya maji hadi magotini, na kinachotolewa ni kile kinachoelea tu.